Mpiga Picha za Mazishi

Mwalimu amenikasirisha kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua, na mimi hupiga picha za harusi, kwa hiyo watu wa kunikasirisha sijawakosa. Nimegombana naye Nyeri, Karatina, Murang'a na Nanyuki. Kagio tuligombana mbele ya soko zima. Si jamaa yangu, na mara nyingi hata urafiki wenyewe hauonekani. Alinifundisha kuchora nilipokuwa shule ya msingi, akastaafu, akanitafuta tukiwa watu wazima wote wawili, akanipa kazi ambayo mpaka leo hatujaimaliza. Kila nikifikiria ni kwa nini hatujaimaliza, natamani kurusha kitu.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Tuzunguke miji mitano ya huku mlimani, hiyo minne na Kagio. Tupige picha za watu walivyo barabarani na sokoni, wakiwa kazini, bila kujipanga na bila suti ya kuazima. Kisha tuzichape kubwa na kuzitundika katika masoko yale yale, ili anayeuza ndizi ajione ukutani akiuza ndizi. Mwalimu hakutaka kusikia habari ya hoteli wala ukumbi. "Watu wa Nairobi wako na picha zao," alisema. "Hii ni ya hawa."

Nilikubali siku hiyo hiyo, na sababu yangu haikuwa sanaa. Mama yangu aliuza viazi Nyeri maisha yake yote. Alipofariki tulitafuta picha ya kuweka mbele ya kitabu cha mazishi, tukakosa. Tulikuwa na ya kitambulisho, ambayo alionekana kama mtu aliyekamatwa, na nyingine ya harusi ya binamu yangu, akiwa katikati ya kundi. Tukamkata kutoka ile ya harusi. Fundi wa kompyuta pale saiba alijaribu kufuta waliobaki pembeni, lakini mkono mmoja ulimshinda. Mama akazikwa na mkono wa mwanamume begani, mkono wenye saa, mwenyewe haonekani, na hakuna kati yetu aliyejua ni wa nani. Kanisa zima lilishika karatasi ile. Mimi, ambaye kila Jumamosi nawapiga picha mama za watu, sikuwa hata na moja ya mama yangu na viazi vyake. Basi Mwalimu aliponieleza mpango wake, nilisikia kama ni mimi nimeupanga.

Tuliupangia chumbani kwake Majengo, chumba kimoja cha kupanga, karibu kabisa na msikiti. Hapo ndipo mahali pa kwanza pa kumshangaa. Ana shamba lake huko juu kwenye majani chai, na nyumba ya mawe, na watoto ambao hawalali kwa aibu ya baba yao kuishi kwa landilodi akiwa na mvi. Ukimuuliza anajibu kwamba huko shambani haoni watu, anaona chai tu. Ni mshiriki wa kanisa asiyekosa Jumapili, lakini anaamka kwa adhana, na anasema muadhini ndiye mtu pekee Nyeri anayefika kazini kwa wakati. Sukari anakupimia mwenyewe kwa ncha ya kijiko, na ukiomba zaidi anakuuliza kama unafuga nyuki. Picha, kwa upande mwingine, anawapa watu bure, zilizochapwa vizuri kwenye karatasi nzito, na hapo ndipo shida zetu zote zilipoanzia.

Alikuwa anapanga miji sakafuni. Kikombe kilikuwa Nyeri, kibiriti Karatina, kiatu chake kimoja Murang'a kwa sababu ya vilima, sahani Kagio, na kofia, ikiwekwa mbali kidogo, ilikuwa Nanyuki. Tulipiga magoti hapo tukibishana juu ya siku za soko na mwanga. Nanyuki upepo unaleta vumbi mchana, basi tuende asubuhi. Murang'a kivuli kinashuka mapema. Nyeri mwezi wa saba hakuna jua kabisa, nikasema tusipoteze muda. Yeye akasema huo ndio mwezi pekee ambao watu wa Nyeri wanafanana na wenyewe. Na mlima wenyewe akaupiga marufuku. Usionekane katika picha hata moja. "Mlima uko na picha za kutosha," alisema. "Cucu wa pale stendi, yule bibi mzee, ako na ngapi?"

Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Halafu akaleta sheria zake.

Siku ya kwanza katika mji wowote, kamera inabaki nyumbani. Unaenda na macho tu. Siku ya pili unaweza kuibeba, lakini humpigi mtu picha kabla ya kununua kitu kwake. Ukishanunua, unaomba. Akikataa, unashukuru na kwenda zako na kabichi yako. Akikubali unapiga, kisha unarudi siku nyingine ya soko kumletea picha yake mkononi, na kabla hujamletea, huruhusiwi kumpiga mtu mwingine katika mji huo.

Niambie, kazi ya namna hiyo itaisha lini? Nilimwambia hiyo si picha ya barabarani tena, hiyo ni posa. Picha ya barabarani inataka haraka, mtu akijua unampiga anakunja uso na kushusha mikono kama yuko mbele ya chifu. Mwalimu akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo huwa linaniudhi zaidi kuliko kukatwa kauli.

"Usiibe uso wa mtu, maitu," akasema. Maitu ni mama, wazee wa kwetu huwaita hivyo wasichana waliozoeana nao, na yeye hulitumia neno hilo akiwa karibu kunikatalia. "Mtu akikunja uso, si umrudie? Akikuzoea ataukunjua."

"Na kama hatazoea?"

"Basi umejua ni mtu wa kukunja uso. Hiyo pia ni picha."

Tukafanya kazi kwa sheria zake. Nyumba yangu ikajaa mboga. Nilikula ndizi za Murang'a mpaka nikazichukia, nikanunua kamba ya kufungia ng'ombe na sina ng'ombe. Karatina nilinunua viatu vya kiraka kwa fundi mmoja mzee, nikavua vyangu nikavaa hivyo hapo hapo, ili tu Mwalimu aniruhusu kufungua kamera. Siku moja uvumilivu uliniisha. Nilipanda ghorofa ya duka moja hapo hapo Karatina, nikatoa lenzi ndefu, na soko lote likawa chini yangu, likifanya kazi bila kunijua. Kulikuwa na mama akimwaga maharagwe kutoka juu ya kichwa chake, vumbi jepesi limemzunguka, uso umetulia. Nikabonyeza. Kilichotokea kwenye picha ni koti. Mwalimu alikuwa ameniona kutoka mbali, akaja akasimama mbele ya yule mama na kunipa mgongo, na hapo alisimama, mikono nyuma, mpaka nikashuka. Ile picha ya koti bado ninayo, na bado nikiiona damu inachemka.

Hata shuleni alikuwa hivyo. Aliwahi kuweka kiti mbele ya darasa akatuambia tumchore mtu aliyetoka kukikalia. Nikachora kiti, kizuri, na miguu yote minne. Akanipa sufuri. Nikalia, nikamwendea baada ya kengele, nikamwambia hakukuwa na mtu. Akaniambia niende nikakiangalie tena, kimeinama upande gani. Mtoto wa darasa la tano! Baadaye somo la kuchora likaondolewa kwenye ratiba, wakampa afundishe kilimo, na nasikia alifundisha kilimo kwa namna hiyo hiyo.

Jambo moja ambalo sikulielewa kwa muda mrefu ni kwamba yeye mwenyewe hapigwi picha. Anayeomba nyuso za wengine kwa adabu nyingi hivyo, wake hautoi. Ukimwelekezea kamera anashusha kofia. Kamera yake ameifunga kwa tai ya zamani ya shule badala ya mkanda, na mara nyingine huinua hiyo tai mbele ya uso na kucheka. Simu hazipendi, lakini ananitumia ujumbe wa sauti mrefu kama mahubiri, na kikohozi chake ndani yake. Kikohozi hicho alianza nacho msimu mmoja wa baridi na hakikuondoka. Hospitali walimwambia kifua kimechoka, apumzike, ahamie mahali pakavu. Yeye akaendelea kushinda sokoni.

Sasa nieleze habari ya mazishi.

Mwalimu alipenda kupiga wazee. Vijana wana simu, alisema, hawatuhitaji. Basi picha zetu nyingi zilikuwa za wazee, na kila mmoja alipewa yake, akaipeleka nyumbani, akaitundika. Wa kwanza kufariki alikuwa yule fundi wa viatu wa Karatina. Watoto wake walipotafuta picha ya mazishi wakaiona ukutani, baba yao na sindano mdomoni, anacheka na jicho moja. Wakaitia katika kitabu, wakaikuza, wakaiweka mbele ya jeneza. Kisha mama mmoja wa ndizi huko Murang'a. Kisha mzee wa magunia, Karatina tena. Kila mara ni picha yetu, na kila mara watu walisema haijawahi kuonekana picha ya mazishi nzuri hivyo, marehemu utadhani anataka kukuuzia kitu. Mwalimu alihudhuria mazishi yote. Alisimama nyuma ya hema, na hakuangalia jeneza, aliangalia picha.

Mimi nilifurahi, mara ya kwanza. Niliposimama Karatina nikaona yule mzee amekamilika, hakuna mkono wa mtu begani, nilitoka nje ya hema nikalia peke yangu.

Lakini wachuuzi wanatembea. Anayeuza Karatina leo, kesho yuko Kagio, na maneno yanapakiwa pamoja na vitunguu. Tulipofika Kagio, siku yetu ya pili huko, siku ya kamera, soko lilikuwa limeshatujua. Kuna mama mmoja wa nyanya pale, mkubwa wa mwili, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, na wengine wote hawafanyi jambo kabla ya kumtazama. Mwalimu alinunua nyanya kwake, akaomba kama kawaida. Mama akafunga mfuko, akampa, ndipo akajibu.

"Mwalimu, wewe hatuna shida na wewe. Ni hiyo kamera yako. Imemaliza wazee huko Karatina."

"Ati imemaliza?" nikauliza mimi.

"Si anapiga mtu, na akishapiga, huyo mtu haikai. Unaletewa picha, halafu unaenda. Hapa wanaitana ati mpiga picha za mazishi amekuja. Mimi niko na watoto shuleni, mama. Wacha niwalee."

Nyuma yake wengine waliitikia. Mmoja alifunika uso na kitambaa, hivi hivi, tulipokuwa tunaongea naye. Nikapandisha hasira. Nikawaambia wale walikuwa wazee, walikuwa wagonjwa, wangekufa hata wakipigwa na mvua. Nikasema mengi, na kwa sauti, mpaka wabeba magunia wakasimama. Na Mwalimu, ambaye lilikuwa jukumu lake kujitetea, alikohoa, akamwambia yule mama asante kwa nyanya, akaondoka.

Nilimfuata nikimgombeza mpaka barabarani. Nilimwambia alikuwa na jibu na hakulitoa. Nilimwambia aache kugawa picha, azifungie mpaka siku ya maonyesho, uvumi utakufa wenyewe. Au tuwatumie kwa simu.

"Picha ya simu inapotea na simu."

"Basi tuache Kagio! Tuko na miji minne."

"Wakisema hivyo hapa, na kule watasema. Na wako na haki ya kuogopa."

"Haki gani? Ni ujinga!"

"Mama yako ungempelekea picha akaogopa, ungemwambia ni ujinga?"

Hakupaswa kumleta mama hapo. Nilimwacha na mfuko wake wa nyanya mikononi nikaenda kutafuta gari langu, na hatukuongea mvua nzima na baridi nzima. Ujumbe wake wa sauti uliingia, sikuusikiliza. Na alichosema kilitimia kama alivyosema, maana hasira yangu haikuzuia kitu: Karatina wakaanza kukataa, kisha Nanyuki. Kazi ikasimama. Picha za watu kama mama yangu zikakaa ndani ya boksi chini ya kitanda cha mzee mwenye kikohozi, na mimi nikarudi kwa mabibi harusi.

Miezi kama miwili iliyopita, baridi ilipokwisha, nilisikia adhuhuri moja kwamba amelazwa na kutolewa. Nikaenda Majengo nikiwa nimejiandaa kumgombeza kwa hilo pia. Nilimkuta nje ya mlango, kwenye stuli, amevaa koti la kanisani. Amekonda. Kofia hana.

"Kesho kutwa ni soko Kagio," akasema, kama watu walioachana jana. "Utanipeleka. Utanipiga picha pale mbele ya yule mama wa nyanya, wote wakiona. Wiki ingine unaniletea yangu, hapo hapo. Halafu niwe nakuja kila soko, nanunua nyanya. Waone nimepigwa na niko."

Mtu aliyenificha uso wake miaka yote hiyo.

"Na ukifa?" nikamuuliza. Nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba sikutafuta neno la adabu. "Umetoka hospitali jana. Ukipigwa halafu ufe, Mwalimu, hiyo ndiyo mwisho. Hakuna mtu atakubali tena mlima mzima. Unaweka kazi yote kwa hicho kifua?"

"Sina kingine cha kuweka," akasema. "Na nikifa, usiwe umenipiga vibaya."

Nilimpeleka. Alikaa juu ya kreti ya nyanya iliyopinduliwa, katikati ya njia, watu wamesimama mbali kidogo kwa mduara. Na hakutulia. Aliniambia mwanga uko upande huu, nisogee, nishuke, mbona nashika kamera kama ufagio. Nikamfokea. "Nyamaza, Mwalimu!" Soko likacheka. Akanyamaza, akanitazama kwa macho ya mtu aliyeambiwa hivyo mara ya kwanza katika maisha yake, na hapo nikabonyeza. Wiki iliyofuata nikampa yake. Hakuitazama. Alimpa mama wa nyanya, akamwomba aitundike kwenye nguzo ya kibanda.

"Soko lenye hamtaniona," akawaambia, "niko hapo."

Akarudi soko lililofuata, na lililofuata tena, anakohoa, ananunua. "Bado uko?" mama wa nyanya alikuwa akimuuliza, na yeye, "Bado niko," na wote walicheka, lakini kuombwa uso bado walikataa.

Halafu wiki iliyopita nilifika Kagio peke yangu. Tulikuwa tumekubaliana kukutana pale, alisema atapewa lifti na jirani. Kibandani hakuwapo. Simu yake ilikuwa imezimwa. Mama wa nyanya aliniona nimekuja peke yangu, akaacha kupanga nyanya. Mmoja baada ya mwingine wakaacha walichokuwa wakifanya, wakaangalia ile picha kwenye nguzo, na mimi nikaiangalia. Alikuwa amenikunjia uso vizuri kabisa. Nilijisikia nikimtukana kimoyomoyo, matusi yote niliyoyajua kwa lugha zote, kwa kunifanyia hivi mbele ya watu.

Akatokea upande wa ndizi, polepole, amekumbatia mkungu mzima kifuani, simu imeisha chaji.

Mama wa nyanya ndiye aliyeongea kwanza. Alivua kofia ya sufu, akajipangusa uso nayo, akaketi kwenye stuli yake nyuma ya nyanya.

"Haya, kuja unipige," akaniambia. "Mimi nitakufa siku yenye nitakufa. Na sitaki wakuje kunikata kwa picha ya harusi ya mtu, vile hufanywa. Nataka nikiwa hapa, na nyanya zangu."

Nilifungua kamera. Nilikuwa nimeshainua, uso wake uko wazi, mwanga umekaa, ndipo niliposikia kikohozi nyuma yangu.

"Umenunua?" Mwalimu akauliza.

Nilikuwa sijanunua. Nikageuka nimwambie yote niliyomwekea tangu darasa la tano, na yeye akanisubiri, mkungu kifuani, akanisikiliza kabla hata sijaanza. Mama wa nyanya alikuwa ameshaninyoshea mfuko. Nikashusha kamera, nikapiga magoti, nikaanza kuchagua nyanya.